Maswali ya wasomaji: Git imegoma kumeji, nifanyeje?

Habari zenu wasomaji. Barua za mara hii karibu zote zinahusu Git, ile programu ya kutunza historia ya mafaili ya programu mnazoandika, na zinalia kilio kimoja, branchi mbili (nakala mbili za kazi zinazoendelea sambamba) kugongana zikimejiwa, yaani zikiunganishwa, kwa hiyo nimeona nizijibu kwa pamoja humu humu badala ya kuzitawanya, manake jibu la mmoja linamsaidia na mwingine. Barua nimezifupisha kidogo lakini maneno ni yenu. Kwa mgeni tu: kukomiti ni kuhifadhi mabadiliko kwenye historia ya Git, kupushi ni kuyatuma kwa wenzio, na main ni branchi kuu ya timu. Amri za Git nimeziacha kama zinavyoandikwa kwenye terminali ili mtu azinakili bila kubahatisha.

Shikamoo dada mwalimu. Mi nina miezi minne tu kazini. Juzi nikameji branchi ya mwenzangu kwenye ya kwangu, nikaona neno CONFLICT kwa herufi kubwa, faili langu likajaa mishale na alama za sawasawa, nikaingiwa na hofu nikafunga kompyuta nikaondoka. Kesho yake asubuhi nikawa nabonyeza kile kitufe cha edita cha kukubali ya kwangu, kila sehemu, mpaka zikaisha, nikakomiti. Programu inawaka vizuri kabisa ila mwenzangu kanuna, anasema nimemfutia kazi yake. Mi sijafuta kitu! Nimekosea wapi? — Mgeni kazini

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa hofu, na mwenzio naye pole, manake kweli umemfutia, ila hukujua kama ndo unafuta.

Tuanze na hofu kwanza. Lile neno CONFLICT halimaanishi kuna kitu kimeharibika. Git ikimeji inaangalia vitu vitatu, faili lilivyo kwako, faili lilivyo kwa mwenzio, na faili lilivyokuwa mara ya mwisho mlipokuwa pamoja kabla hamjaachana njia. Mstari ukibadilishwa upande mmoja tu inachukua badiliko hilo kimya kimya bila kukusumbua. Mkibadilisha wote wawili mstari ule ule, au mistari inayogusana, kila mtu kwa namna yake, hapo inasimama na kukuuliza wewe, kwa sababu yenyewe inasoma herufi tu, haijui mlikuwa mnataka nini. Sasa wewe umeulizwa swali ukajibu "ya kwangu" mara zote bila kusoma swali lenyewe.

Ngoja nikuonyeshe mfano mdogo ila ushike vizuri. Tuseme kuna programu inaongea na seva, ina mstari unaosema isubiri sekunde ngapi kabla ya kukata tamaa. Umefungua faili umekuta hivi:

<<<<<<< HEAD
subiri = 60
=======
subiri = 30 * majaribio
>>>>>>> jaribu-tena

Juu ya zile alama za sawasawa ni ya kwako, chini yake ni ya branchi inayoingia. Ukiangalia hivi unaona nini? Unaona wewe umesema 60, mwenzio kasema 30 mara idadi ya majaribio. Mtu yeyote hapa atadhani mnabishana namba ipi, afu atachagua moja. Sasa tazama tena, safari hii na kipande cha tatu, yaani ilivyokuwa kabla hamjaigusa:

<<<<<<< HEAD
subiri = 60
||||||| 4f2c9ab
subiri = 30
=======
subiri = 30 * majaribio
>>>>>>> jaribu-tena

Umeona? Kumbe mwanzo ilikuwa 30. Wewe ndo umebadilisha namba, pengine kwa sababu seva ilikuwa nzito. Mwenzio namba hakuigusa kabisa, yeye kaongeza habari ya majaribio, kila ukijaribu tena unasubiri zaidi. Hamkuwa mnabishana hata kidogo! Jibu sahihi ni `subiri = 60 * majaribio`, mstari ambao haupo kwako wala kwake, na hakuna kitufe duniani cha kukuletea, unauandika kwa mkono wako. Ukibonyeza "ya kwangu" umefuta kazi yake, ukibonyeza "ya kwake" umefuta yako, ukibonyeza "zote mbili" unapata mistari miwili inayofuatana na ule wa chini unaufuta wa juu, yaani umerudi kule kule.

Kile kipande cha kati Git haikionyeshi mpaka uiambie, na mi mpaka leo inaniuma kwamba hakiji chenyewe, kwa sababu naamini nusu ya machungu ya konflikti yanatokana na kutokiona. Kiwashe leo leo:

git config --global merge.conflictStyle zdiff3

Hiyo zdiff3 inataka Git toleo la 2.35 la mwaka 2022 au la baadaye, kama yako ni ya zamani andika diff3 tu, tofauti yao ni ndogo, zdiff3 inapunguza mistari inayofanana isije ikakujazia skrini. Na kama tayari uko katikati ya mgongano, huna haja ya kuanza upya, andika `git checkout --conflict=diff3 jina-la-faili` na alama zitachorwa upya zikiwa na kipande cha kati, ila angalia, inachora faili lote upya kwa hiyo kama ulishaanza kurekebisha ndani yake marekebisho hayo yanaondoka.

Sasa kumponya mwenzio. Kazi yake ipo, iko kwenye branchi yake, hakuna kilichopotea. Ila usidhani ukimeji tena itarudi, haitarudi, Git itakwambia iko sawa tayari, kwa sababu kwenye historia inaonekana branchi yake ulishaimeji, na kuitupa mistari yake yalikuwa ndo majibu yako rasmi. Kama hiyo meji hujaipushi na hujakomiti kitu juu yake, ifute ufanye upya: hakikisha huna mabadiliko ambayo hujakomiti afu `git reset --hard HEAD~1`, inakurudisha palepale ulipokuwa kabla ya kumeji. Kama ulishapushi na watu wameshaichukua, usiguse historia, andika komiti mpya inayorudisha alivyovifanya. Kujua ulitupa nini hasa, tumia `git show --remerge-diff` na namba ya ile komiti ya meji, inarudia kumeji pembeni afu inakuonyesha tofauti kati ya konflikti ilivyokuwa na wewe ulivyoimaliza, hiyo inataka toleo 2.36 kwenda mbele. Kaa nayo pamoja na mwenzio, mstari kwa mstari.

Nakwambia haya kwa uchungu kwa sababu na mimi nilishawahi kumfanyia mtu hivyo hivyo. Ilikuwa jioni, faili kama kumi na mbili zina konflikti, nilikuwa nataka kuondoka, nikatumia amri moja ya kuchukua upande wangu kwenye zote. Ilikuwa kazi ya siku mbili ya dada mmoja kwenye timu, alikuwa amerekebisha jinsi tunavyosoma tarehe, na kwa sababu programu ilikuwa inawaka hakuna aliyejua mpaka wiki iliyofuata zile tarehe mbovu zilipoanza kurudi. Hakunifokea, alinyamaza tu akaanza kuandika upya, na kile kimya chake ndo kilinifundisha kumfuata mtu mezani kwake au kumpigia simu kabla sijagusa mstari wake. Nenda kamwombe radhi mwenzio leo, afu mfanye hiyo remerge pamoja.

Mwalimu habari. Kwenye timu yetu tunarebesi badala ya kumeji. Sasa mimi nikirebesi branchi yangu juu ya main naandika --ours nikitaka ya kwangu, inaniletea ya main! Nikiandika --theirs ndo inaniletea yangu. Ni hitilafu? Afu konflikti ile ile naimaliza, inakuja tena kwenye komiti inayofuata, na kesho nikirebesi inakuja tena. Nachoka. — Aliyechoka na kurudia

Salama ndugu yangu. Sio hitilafu, ila kweli inachanganya na waliokuwa kwenye kazi hii miaka mingi bado wanasimama kufikiri kabla ya kuandika. Ukimeji, wewe umesimama kwako na mgeni anakuja, kwa hiyo "ours" ni yako. Ukirebesi mambo yanageuka, Git inatoka kwako inakwenda kusimama kwenye ncha ya main, afu inachukua komiti zako moja baada ya nyingine inaziweka juu pale kana kwamba zimeletwa na mtu baki. Kwa hiyo aliyesimama ni main, yeye ndo "ours", na kazi yako mwenyewe ndo mgeni anayeingia. Ukilikumbuka swali moja tu, nani kasimama na nani anakuja, hutapotea tena hata kwenye cherry-pick, ile amri ya kuchukua komiti moja kutoka branchi nyingine.

Hapo pa kurudia rudia ndo pana utamu. Kwa vile komiti zinawekwa moja moja, kama mstari ule ule umeugusa kwenye komiti tano unaweza kuulizwa mara tano. Dawa ya kwanza ni kuzibana hizo komiti kabla, `git rebase -i` dhidi ya pale branchi ilipoanzia, zile ndogo ndogo za "nimerekebisha tena" zikawa moja, afu ndo unarebesi juu ya main na kuulizwa mara moja. Dawa ya pili wengi hawaijui, inaitwa rerere, unaiwasha hivi:

git config --global rerere.enabled true

Kuanzia hapo kila konflikti unayoimaliza Git inaandika pembeni, ndani ya folda ya .git, swali lilikuwa hivi na jibu likawa hivi. Ikikutana na konflikti ile ile kesho inaijaza yenyewe, wewe unakagua tu na kufanya `git add`. Majibu inayatunza siku 60 kwa kawaida, na maswali ambayo hukuyajibu siku 15. Tahadhari moja lakini, ukijibu vibaya nayo inakumbuka vibaya kwa uaminifu ule ule, kwa hiyo ukigundua ulikosea, konflikti hiyo ikiwa bado iko mbele yako andika `git rerere forget` na jina la faili afu uijibu upya. Watu wengi wanasahau hii hatua afu wanalaumu Git wiki nzima.

Na ukiona katikati ya kurebesi umepotea kabisa, `git rebase --abort`, unarudi ulipoanzia, hakuna aibu.

package-lock.json ina konflikti ya mistari elfu na kitu. Nimekaa nayo masaa matatu narekebisha kwa mkono. Kuna njia? — Macho yanauma

Acha sasa hivi! Faili hilo, linaloorodhesha matoleo kamili ya paketi zote za programu, linaandikwa na mashine, mashine ndo iliandike tena. Maliza kwanza konflikti ya package.json, hilo ndo la watu, soma kila upande umeongeza paketi gani, afu andika `npm install`, npm (programu inayoleta paketi za JavaScript) tangu toleo 5.7 inajua kukutana na lock yenye konflikti na kuijenga upya yenyewe. Halafu `git add` zote mbili. Lugha nyingine ni hivyo hivyo, faili lolote linalozalishwa na amri usilishone kwa mkono, endesha ile amri. Pumzisha macho.

Mdogo wangu, mimi ni kiongozi wa timu ya watu tisa, kazi hii nimeianza siku nyingi. Naona vijana wanapoteza siku nzima kwenye hizi konflikti. Nataka niweke utaratibu: mtu akiwa anafanyia kazi faili, analifunga, hakuna mwingine kuligusa mpaka amalize. Zamani tulifanya hivyo na hatukugombana. Unaonaje? — Kiongozi

Shikamoo kaka. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu najua inatoka kwa mtu anayewaonea huruma vijana wake.

Unachokisema kilikuwepo kweli na kilifanya kazi. Programu za zamani za kutunza matoleo ya mafaili, SCCS ya Marc Rochkind pale Bell Labs mwaka 1972 na RCS ya Walter Tichy mwaka 1982, zilikuwa hivyo, unachukua faili na kufuli lake, wengine wanalisoma tu. Shida yake wewe utaikumbuka kuliko mimi, mtu anachukua faili Ijumaa anaondoka nalo, Jumatatu anaumwa, na watu wamekaa. CVS, programu iliyozifuata, yenyewe ilizaliwa kutokana na hilo, Dick Grune wa Vrije Universiteit, Amsterdam, alikuwa anatengeneza kompaila ya C na wanafunzi wake wawili na ratiba zao hazikuwa zinakutana, mmoja usiku mwingine mchana, akaandika skripti ambazo kila mtu anafanya kwake afu zinaunganishwa baadaye, akazitoa mwaka 1986. Linus Torvalds alipoandika Git mwaka 2005 kwa ajili ya kernel ya Linux hakuwa na namna ya kufunga mafaili hata angetaka, maelfu ya watu hawajuani.

Lakini kaka sitaki kukujibu kwa historia tu, manake siku nzima inayopotea ni ya kweli. Mi naona kufuli linahamisha mgongano, haliuondoi. Vijana wawili wakitaka kubadilisha kitu kimoja kwa namna mbili, hata ukiwapanga foleni, wa pili atakuta wa kwanza kashabadilisha msingi aliokuwa anautegemea na ataanza upya. Swali la kuwauliza ni branchi zao zinaishi siku ngapi. Nina hakika utakuta zina wiki mbili, tatu. Branchi ikikaa wiki tatu inakuwa kama ndugu aliyehama kitambo, akirudi kila kitu nyumbani kimebadilika na yeye kabadilika. Wazoeze kuvunja kazi iwe vipande vya siku moja mbili, na kila asubuhi wachukue main waiingize kwao, ili konflikti wakutane nazo zikiwa mistari mitatu na anayejua sababu bado anakumbuka. Halafu angalia lile faili ambalo kila mtu analigusa, kila timu inalo moja, la mipangilio au la njia zote za programu, ligawe. Mara nyingi konflikti zinazojirudia mahali pamoja zinakwambia faili hilo limebeba mambo mengi mno.

Pa kuweka kufuli papo, nisikudanganye. Picha, sauti, michoro ya vitu vya pande tatu, vitu ambavyo Git haiwezi kuunganisha mistari kwa sababu havina mistari. Huko Git LFS, nyongeza ya Git kwa mafaili makubwa, ina `git lfs lock`, tumia bila wasiwasi wowote, wachoraji watakushukuru.

Hapa hatukupata konflikti hata moja, Git ikasema imemeji safi, tukapeleka prodaksheni, yaani kwa watumiaji, ikaanguka. Branchi zote mbili zilipita testi kila moja kivyake. Nani wa kulaumiwa? — Tumeanguka

Poleni sana. Barua hii ndo ningependa kila mtu aisome, hata kama mtaruka nyingine.

Kumbuka nilivyosema juu, Git inasoma herufi. Ikisema imemeji safi inamaanisha mistari haikugusana, basi. Haijui maana. Mmoja wenu kabadilisha jina la funksheni kwenye branchi yake na kurekebisha kila mahali ilipoitwa, kazi nzuri, testi zimepita. Mwingine siku hiyo hiyo kwenye faili jipya kabisa kaiita ile funksheni kwa jina la zamani, kwake lipo, testi zimepita. Mistari haigusani hata kwa mbali. Mkiunganisha, jina la zamani halipo na kuna mtu analiita. Na hilo ni afadhali kwa sababu linaanguka kwa kelele. Linaloumiza zaidi ni lile la kimya: mmoja kabadilisha `subiri` isiwe sekunde tena iwe milisekunde, mwingine kaongeza mahali papya panapoandika 30 akidhani ni sekunde. Hakuna konflikti, hakuna kosa, programu inawaka, inasubiri milisekunde 30 na kukata tamaa, na watu wanaona tu "seva haipatikani".

Wa kulaumiwa hayupo, kila mmoja alifanya sawa kwa alichokiona. Kilichokosekana ni mtu au mashine ya kuangalia zikiwa pamoja. Testi za branchi yako zinathibitisha branchi yako, zilizounganishwa ni programu ya tatu ambayo bado hakuna aliyeiendesha. Kwa hiyo pangeni testi ziendeshwe kwenye matokeo ya meji kabla main haijasogea. GitHub na GitLab zote zina mipangilio ya kulazimisha branchi iwe ya kisasa kabla ya kumeji, na foleni ya meji ambapo kila ombi linajaribiwa juu ya yaliyotangulia. Na mtu akibadilisha maana ya kitu bila kubadilisha jina lake, kama hiyo ya sekunde na milisekunde, mwombeni abadilishe na jina, `subiri_ms`, makusudi kabisa, ili anayetumia la zamani aanguke mapema mezani kwake badala ya kwa watumiaji.

Nawasihi hilo la jina mlichukue hata kama mengine yote yatawashinda.

Nimefungua ombi la kumeji, nimebadilisha mistari sita, inaonyesha faili zima lina konflikti, mistari 900! — Sita tu

Kuna mtu kapitisha fomata (programu ya kupanga nafasi na mistari) kwenye faili lote, au miisho ya mistari imegeuka, kompyuta moja inaandika ya Windows nyingine ya Linux. Kama ni nafasi na miisho tu, jaribu `git merge -Xignore-space-change` na jina la branchi. Kama ni fomata, kuna ujanja naupenda sana: kwenye branchi yako endesha fomata ile ile na mipangilio ile ile, komiti, ndo umeji. Pande zote mbili zinakuwa zimevaa nguo moja na konflikti zinabaki zile sita zako. Na ili isirudie, weka faili la .gitattributes lenye mstari `* text=auto`, na mkubaliane kwamba kupanga mistari upya kwa fomata kunakuwa komiti yake peke yake, isichanganywe na kazi nyingine.

Dada, nina konflikti kwenye faili ambalo aliyeandika upande wa pili alishaondoka kwenye timu, hapokei simu na sio haki kumsumbua. Na kuna faili jingine inasema "deleted by them", mi nimelirekebisha yeye kalifuta. We unasema siku zote tuwaulize wenyewe. Mimi nimuulize nani? — Nimebaki peke yangu

Swali zuri kweli, na pole, kurithi kazi ya mtu asiyekuwepo ni kugumu.

Hayupo, ila kaacha alama. Ukiwa katikati ya konflikti andika `git log --merge -p --full-diff` na jina la faili, itakuletea komiti za pande zote mbili zilizoligusa faili lile tangu mlipoachana, pamoja na ujumbe alioandika na mabadiliko mengine aliyofanya kwenye komiti hizo. Mara nyingi jibu liko kwenye jirani, mstari wenyewe hauelezeki lakini kwenye komiti ile ile kaongeza testi, na jina la testi linakwambia alikuwa anaogopa nini. Testi yake ichukue nzima, uiendeshe juu ya jibu lako, ikipita umemsikiliza kadiri inavyowezekana.

La faili lililofutwa, usiharakishe kulibakiza kwa sababu tu wewe umelifanyia kazi, na usiharakishe kulifuta. Tafuta kwanza kama kweli alilifuta au alilihamisha, Git inatambua faili lililohamishwa kwa kufananisha yaliyomo, na akihamisha huku kabadilisha zaidi ya nusu inaweza isilitambue. Chukua jina la funksheni moja iliyokuwemo, `git grep jina-hilo` na jina la branchi yake, ukikuta iko kwenye faili jingine basi marekebisho yako yapeleke huko kwa mkono, afu la zamani `git rm`. Kama haipo popote, kalifuta kweli, soma ujumbe wa komiti ujue kwa nini. Ukiamua libaki, `git add`.

Kabla hujakomiti, `git diff --check HEAD`, itakuonyesha kama kuna mishale umeisahau ndani ya faili, inatokea hata kwa waangalifu.

Halafu kuna jambo moja nakuomba umfanyie atakayekuja baada yako. Ukikomiti meji, Git inakufungulia ujumbe ulioandikwa tayari, na chini kuna orodha ya mafaili yaliyokuwa na konflikti, ila imewekewa alama ya reli (#) mwanzoni kwa hiyo ukihifadhi inapotea. Usihifadhi tu ukaondoka. Ongeza mistari miwili kwa lugha ya kawaida, hivi kwa mfano:

"Konflikti kwenye seva.py, mstari wa subiri. Main iliongeza muda kutoka 30 mpaka 60, jaribu-tena iliuzidisha na idadi ya majaribio. Nimechukua yote mawili, 60 * majaribio. Aliyeandika jaribu-tena hayupo, nimetegemea testi yake ya kujaribu mara tatu, imepita."